Kumi na Moja kwa Kumi na Moja

Jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Tarehe 17 Januari 1961 Wazanzibari walipiga kura kuchagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria, wanawake wakiwemo kwa mara ya kwanza, na hesabu ilipokwisha Afro-Shirazi ilikuwa imekitwaa kiti cha Chake Chake kwa tofauti ya mtu mmoja: mtu ambaye siku ile angeweza kupatwa na homa, au kuchelewa shamba, au kughairi njiani. Kwa kiti hicho Afro-Shirazi ya Abeid Karume ikafikisha viti 10. Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party ya Ali Muhsin Barwani, ikapata 9. Vitatu vilivyobaki vikaenda kwa Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP, chama chenye umri wa mwaka mmoja na ushei.

Ili kuunda serikali zilihitajika sauti 12. Hakuna aliyekuwa nazo. Afro-Shirazi ilipungukiwa na watu wawili, Hizbu ilipungukiwa na watatu, na ZPPP ilikuwa na watu watatu kamili. Hesabu hiyo hata mtoto wa chuoni angeipiga, na viongozi wote waliipiga kabla ya kulala. Kwa siku kadhaa wanaume watatu wasio na jeshi, wasio na gazeti la maana wala fedha za kutisha, wakawa ndio watu wanaobembelezwa kuliko wote visiwani: Muhammad Shamte Hamadi na Bakari Muhammad kutoka Pemba, na Sheikh Ameri Tajo wa Makunduchi, kusini ya Unguja.

Wangalikwenda wote watatu upande mmoja, historia ya mwaka ule ingalikuwa nyingine. Waligawanyika. Shamte na Bakari wakaenda Hizbu, Tajo akarudi Afro-Shirazi. Wajumbe wa kuchaguliwa wakawa 11 huku na 11 kule, na Baraza likakwama kabla halijatunga lolote.

Ni rahisi kusema watatu hawa walinunuliwa, na yalisemwa hayo barazani na magengeni. Mimi naona jibu la karibu zaidi lipo kwenye ardhi. Shamte alikuwa mwalimu wa zamani na mwenye mashamba ya mikarafuu Pemba. Kule Washirazi na Waarabu walikuwa wakilima karafuu bega kwa bega, mashamba yao yakipakana, wakioana na kuzikana. Mtu wa Pemba hakuwa na sababu kubwa ya kumwona jirani yake Mwarabu kuwa adui, lakini alikuwa na sababu za kuwaogopa watu wa bara aliosikia wamejaa mjini Unguja. Makunduchi ni kwengine. Wahadimu wa kusini ya Unguja walikuwa wamesukumwa kutoka kwenye ardhi yenye rutuba hadi kwenye mawe na uwanda, na waliokwenda kutafuta kazi mjini walikutana na watu wa bara katika shida zilezile. Kiongozi wa Pemba na kiongozi wa Makunduchi wangeweza kukaa chama kimoja madhali hakuna anayewauliza swali. Januari 1961 waliulizwa swali moja tu, nalo lilitaka jibu la upande gani.

Na chama chao chenyewe, ZPPP, kilizaliwa kwa mfarakano. Katika uchaguzi wa kwanza, Julai 1957, viti vya kugombewa vilikuwa 6 tu, na waliopiga kura walikuwa wanaume waliotimiza masharti ya umri, mali au elimu. Hizbu iliyokuwa ikijivunia kuwa chama cha utaifa haikupata hata kiti kimoja. Ali Muhsin mwenyewe aligombea Ng'ambo dhidi ya Karume, akashindwa vibaya. Ushindi ule ulikuwa wa Waafrika na Washirazi kwa pamoja, wenye jumuiya zao mbili zilizokubaliana kuungana mwaka huohuo. Shamte na Tajo walikuwa miongoni mwa waliochaguliwa. Lakini muungano huo ulifungwa kwa fundo jepesi: baadhi ya Washirazi waliona wanatumiwa kuwa ngazi, na baadhi ya Waafrika wa mjini waliona Washirazi wanawaonea haya wenzao wa asili ya bara. Desemba 1959 fundo likafunguka na ZPPP ikatoka.

Kilichotokea nje ya Baraza katikati ya tarehe hizo mbili ndicho wazee wa Zanzibar wanachokiita zama za siasa, na neno hilo bado linasemwa kwa sauti ya mtu anayezungumzia maradhi. Wenye mashamba wakawafukuza maskwota waliojulikana kuwa ni wa chama kingine. Watu wa Afro-Shirazi wakasusia maduka ya Waarabu. Mtu aliangalia basi la nani kabla ya kupanda, na kahawa ya nani kabla ya kunywa. Kususia hakukuanza hapo. Mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilipowashitaki kwa uchochezi waendeshaji wa gazeti la Al-Falaq, wajumbe Waarabu walijitoa katika Baraza na kamati zote za serikali na kukaa nje zaidi ya mwaka mzima. Mmoja wao aliyevunja mgomo akarejea kitini aliuawa. Baraza lile la wateuliwa halikuwa na nguvu za maana, lakini lilikwishafundisha somo: kiti kitupu kinaweza kusema kuliko kiti chenye mtu, na anayekikalia bila ya ruhusa ya wenzake anaweza kulipa kwa roho yake.

Ng'ambo ya maji mambo yalikuwa mepesi. Agosti 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi wake na TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Nyerere hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu wa jimbo la mwisho. Zanzibar ilikuwa na kitu ambacho majirani zake hawakuwa nacho na hawakukitamani, vyama viwili vya ukubwa unaolingana, na katikati yao kundi dogo linaloweza kuwapa au kuwanyima.

Sir George Mooring, Balozi Mkaazi wa Uingereza, alikuwa na njia mbili. Angeweza kuwasukuma wakubwa wa vyama wakae serikali moja kwa muda mrefu, wazoeane. Au angeweza kuwarudisha watu kwenye masanduku ya kura. Alichagua ya kwanza kwa miezi michache na ya pili baada yake: iliundwa serikali ya muda yenye mawaziri wa kambi zote mbili, na uchaguzi mwingine ukapangwa Juni. Ili kisitokee tena kioja cha sare, jimbo moja jipya liliongezwa Pemba, wajumbe wakawa 23. Ndiyo dawa waliyoiona wakoloni. Wajumbe 22 wamekwama kwa sababu 22 hugawika kwa mbili; basi tuwafanye 23. Kwa mtu wa makaratasi hoja haina kasoro. Lakini nchi ilikuwa imegawika sawasawa, na kukiongeza kiti hakukuipunguza nchi hiyo hata nusu ya ugomvi wake. Kulichofanya ni kuwaambia wote kwamba safari hii sare haipo, lazima mmoja ashinde, na kwamba huenda ushindi wenyewe ukawa wa kiti kimoja.

Miezi minne ile, Februari hadi Mei, ndiyo iliyoharibu. Hizbu na ZPPP zilifanya jambo la akili: zikagawana majimbo, hapa asimame wako, pale asimame wangu, kura zisipotee. Afro-Shirazi haikuwa na mshirika wa kugawana naye isipokuwa Tajo na watu wake. Kila upande ulijua majina ya wapigakura wake, na ulidhani unayajua majina ya waliohongwa, walioletwa kwa majahazi, na waliojiandikisha mara mbili. Tuhuma zikitosha, ushahidi haungojwi.

Tarehe 1 Juni 1961 watu walipanga foleni alfajiri. Mjini, wafuasi wa Afro-Shirazi waliamini wenzao wa Hizbu wanapiga kura zaidi ya mara moja, wakajaribu kuwazuia wanaowashuku wasifike vituoni. Zikazuka ngumi, kisha marungu, kisha mapanga. Mjini kulitulizwa haraka kwa kiasi. Ilipohamia shamba, fujo iliwakuta watu walio peke yao: Waarabu wa Manga wenye viduka vya vijijini na mashamba madogo, wengi wao maskini kama wale waliowavamia. Majeshi yaliletwa kutoka bara. Ilipohesabiwa, watu 68 walikuwa wamekufa, karibu wote Waarabu, na mamia walijeruhiwa. Serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton kuchunguza. Wanaosimulia historia ya Zanzibar hupenda kuanza na Januari 1964. Mimi nadhani aliyetaka kujua yatakayokuja alikwishaoneshwa Juni 1961.

Na matokeo? Afro-Shirazi 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Jimbo jipya la Pemba lilikwenda kwa washirika. Kwa kura za watu, Afro-Shirazi ilikaribia nusu ya kura zote, Hizbu ikapata asilimia 35, na ZPPP haikufika 14. Ukizijumlisha za Hizbu na ZPPP bado zilikuwa pungufu kidogo ya zile za Afro-Shirazi peke yake. Lakini Baraza halihesabu kura, linahesabu viti, na viti vilikuwa 13 kwa 10. Serikali ikaundwa, na Waziri Kiongozi wake akawa Muhammad Shamte.

Hapa pana haja ya kusimama kidogo. Chama kilichotoka wa tatu, chenye viti 3 kati ya 23, ndicho kilichotoa kiongozi wa serikali. Ali Muhsin, mwenye chama chenye viti 10 na magazeti na vijana wenye nidhamu, alikubali uwaziri wa kawaida. Wapo waliomcheka kwa hilo. Wapo waliomwona mjanja kuliko wote. Naona alikuwa mjanja. Uso wa Shamte, Mshirazi wa Pemba, ulikuwa jibu tosha kwa kila aliyesema serikali ile ni ya Waarabu, na bila ya sauti za ZPPP Hizbu ingekaa upinzani milele. Bei ya sauti 3 ilikuwa kiti cha mbele. Aliilipa. Alichokosea ni kuamini kwamba wale waliobaki nje, nusu ya nchi, wataendelea kulihesabu Baraza kwa viti wakati wao wanalihesabu kwa watu.

Kuanzia hapo Afro-Shirazi haikuwa na hoja nyingine bungeni. Kila mswada, kila bajeti, kila tangazo, jibu lilikuwa lilelile: nyinyi ni wachache, rudini kwa wananchi. Serikali nayo ilikuwa na jibu moja: sheria imefuatwa. Pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli, na kwa sababu hiyo hapakuwa na cha kujadili. Machi 1962 wote walipelekwa London, Lancaster House, kuzungumza juu ya katiba na uhuru. Washirika walitaka kuendelea na Baraza lililopo mpaka uhuru. Afro-Shirazi ilitaka uchaguzi kwanza. Walikaa, wakabishana, wakarudi mikono mitupu. Uingereza haikutoa tarehe ya uhuru, na kwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye visiwa viliendeshwa na serikali iliyojua kwamba itaulizwa tena, na upinzani uliojua kwamba utauliza.

Kwa uchaguzi uliofuata viti viliongezwa hadi 31, na safari hii kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Tarehe 24 Juni 1963 Zanzibar ikapata madaraka ya ndani. Wiki mbili baadaye watu wakapiga kura kwa siku kadhaa, kwa utulivu, askari wakiwa wametanda. Afro-Shirazi ikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote. Ikapata viti 13. Hizbu, kwa chini ya asilimia 30, ikapata 12; ZPPP, kwa kama asilimia 16, ikapata 6.

Asiyejua mambo ya majimbo atadhani kuna aliyeiba. Hakuhitajika mwizi. Ng'ambo na mashamba ya Unguja wafuasi wa Afro-Shirazi walijazana mahali pamoja: mgombea alishinda kwa maelfu pale ambapo mia moja zingetosha, na zile za ziada hazikumfaa mtu. Pemba Afro-Shirazi ilikuwa na wafuasi wengi pia, lakini walitawanyika jimbo kwa jimbo wakawa wachache kidogo kuliko washirika karibu kila mahali, wakashindwa kwa tofauti ndogo mara baada ya mara. Washirika kwa kuachiana majimbo walihakikisha hakuna kura yao inayopigana na kura nyingine yao. Mfumo huu Waingereza wanautumia kwao na wameuzoea, kwa kuwa anayeonewa leo hutazamia kumwonea mwenzake miaka mitano ijayo. Zanzibar hakuna aliyetazamia zamu. Upinzani uliona umeshinda mara tatu mfululizo kwa idadi ya watu, na bado umebaki nje.

Bendera ya uhuru ilipandishwa tarehe 10 Desemba 1963. Serikali ya Shamte ilikuwa na wingi wa viti 18 kwa 13, wingi wa kutosha kupitisha lolote, na iliutumia kwa haraka ya mtu anayeogopa. Umma Party ya Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu mkuu wa Hizbu akajitoa miezi michache nyuma, ilipigwa marufuku mwanzoni mwa Januari. Polisi wa asili ya bara walianza kupunguzwa kazini. Kumuondoa askari na kumwacha mtaani bila mshahara, akizijua silaha ziliko, ni jambo ambalo hata kwa hesabu ya viti halikuwa na maana. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 ghala za silaha za Ziwani na Mtoni zilitekwa, serikali ikapinduliwa, na Baraza la Kutunga Sheria halikukutana tena.

Miaka 16 ikapita bila chombo cha kuchaguliwa. Nchi iliongozwa na Baraza la Mapinduzi kwa amri. Mwaka 1980, chini ya Rais Aboud Jumbe, likaundwa Baraza la Wawakilishi, na kwa miaka 15 ya kwanza lilikuwa la chama kimoja. Kulikuwa na mabishano ndani yake, makali wakati mwingine, lakini hapakuwa na upande wa pili wa meza. Upande huo ulirudi Oktoba 1995.

Tarehe 22 ya mwezi huo Zanzibar ilipiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza tangu 1963. Majimbo yalikuwa 50. CCM, yaani Chama cha Mapinduzi, ilipata 26 na CUF, Civic United Front, 24: yote 21 ya Pemba, na matatu ya mjini Unguja. Urais ulikuwa mwembamba zaidi: Dk. Salmin Amour wa CCM, ambaye watu walimwita Komandoo, alitangazwa kwa kura 165,271, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kwa 163,706. Tofauti haikufika 1,600. Waangalizi wa nje walisema hesabu hazioani; wafadhili wakafunga mifuko. Mwenye kujua ya 1961 alikuwa akiiona ramani ileile imechorwa upya, Pemba rangi moja, shamba la Unguja rangi nyingine, na mjini mchanganyiko.

Lakini safari hii hapakuwa na ZPPP ya kubembelezwa, na hapakuhitajika. Katiba ilimpa Rais wa Zanzibar wawakilishi 10 wa kuteua. Wakuu wa mikoa 5 nao waliingia Barazani kwa nyadhifa zao. Kulikuwa na Mwanasheria Mkuu, na viti maalumu vya wanawake vilivyogawiwa vyama kulingana na majimbo. Wingi wa viti viwili uliotoka kwa wapigakura uliingia mlangoni ukiwa umenenepa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Katiba ya 1984 iliandikwa wakati wa chama kimoja, ambapo wateule hawa walikuwa heshima tu. Katika Baraza la vyama viwili vinavyolingana waligeuka kuwa ukuta.

CUF ilijibu kwa silaha ya 1954. Haikumtambua Salmin, na wawakilishi wake wakasusia vikao. Kwa wapigakura wa Pemba hili lilieleweka: ukikaa ukamsikiliza mtu anayesoma hotuba kama Rais, umemkubali. Kwa serikali nalo lilikuwa na faida yake, ingawa hakuna aliyelisema hadharani. Miswada ilipita bila kelele. Bajeti haikuulizwa maswali. Hii ndiyo shida ya kususia kwa chombo ambacho mwenzio anaweza kukiendesha bila wewe. Bungeni kwengine duniani wachache wakitoka, akidi huvunjika na wengi hulazimika kuwatafuta. Zanzibar, kwa uteuzi wa Rais, walio ndani walitosha.

Novemba 1997 watu wa CUF walianza kukamatwa, na waliofikishwa mahakamani kwa uhaini walifika 18, wa kwanza katika orodha akiwa Machano Khamis Ali. Adhabu ya uhaini ni kifo. Walikaa rumande hadi Novemba 2000. Mahakama ya Rufani ilipoiangalia kesi ilitoa jibu ambalo wanasheria wanalizungumza hadi leo: uhaini hutendwa dhidi ya dola, na Zanzibar, ikiwa sehemu ya Jamhuri ya Muungano, si dola kwa maana hiyo. Watu walikamatwa kwa sababu ya ugomvi wa Barazani, wakaachiwa kwa sababu ya hoja iliyowaudhi hata baadhi ya waliowakamata, maana walioipenda Zanzibar kuwa dola walikuwa kambi zote mbili.

Katikati ya hayo Jumuiya ya Madola ilikuwa ikienda na kurudi. Juni 1999, mbele ya Katibu Mkuu wake Emeka Anyaoku, CCM na CUF walitia saini Muafaka. CUF ikarejea Barazani. Mengi ya makubaliano yale, kama tume mpya ya uchaguzi na daftari la wapigakura, hayakutekelezwa kabla ya Oktoba 2000. Uchaguzi wa mwaka huo ulivurugika, majimbo 16 ya Mjini Magharibi yakarudiwa, CUF ikakataa kuurudia. Wawakilishi wake 16 waliotangazwa kushinda wakakataa kuingia. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji, Pemba zaidi kuliko kwengine. Serikali ilikiri vifo zaidi ya 20. Human Rights Watch ilihesabu visivyopungua 35. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya, na nchi iliyokuwa ikipokea wakimbizi wa wengine ikawa na wa kwake.

Baada ya damu hiyo viongozi walikaa tena, na Muafaka wa pili ulitiwa saini Oktoba 10, 2001. Lakini saa ya kanuni ilikuwa imekwishaanza kugonga: mwakilishi asiyehudhuria mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika hupoteza kiti. Spika Pandu Ameir Kificho alizisoma kanuni kama zilivyo, na wale wa CUF waliosusia wakavuliwa viti vyao. Chaguzi ndogo zikaitishwa Pemba Mei 2003. Katika majimbo 6 wagombea uwakilishi wa CUF walienguliwa kabla ya siku ya kura, na wafuasi wao wakaambiwa waende vituoni vilevile, wachukue karatasi, na waziharibu. Kura zile Wapemba waliziita kura za maruhani. Sijui chaguzi ngapi duniani zimewahi kuwa na mgombea jini mwenye wafuasi wengi kiasi kile, lakini ujumbe ulifika.

Mabadiliko ya kweli yalitoka mahali pasipotazamiwa. Tarehe 5 Novemba 2009 Maalim Seif alikwenda Ikulu kuonana na Rais Amani Abeid Karume, mtoto wa yule yule Karume wa 1961. Hakuna mpatanishi wa nje aliyekuwepo. Miezi miwili baadaye, Januari 2010, aliyesimama Barazani na hoja binafsi ya kuundwa serikali ya umoja wa kitaifa alikuwa kiongozi wa upinzani, Abubakar Khamis Bakary, mwanasheria, na hoja ikapitishwa na Baraza ambalo wengi wake walikuwa CCM. Wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni Julai 31, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikarekebishwa: chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wagawanywe kwa idadi ya viti. Uchaguzi wa mwaka huo ulikuwa mwembamba kama kawaida, Dk. Ali Mohamed Shein asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1, majimbo 28 kwa 22. Safari hii hakukufa mtu. Abubakar akawa Waziri wa Sheria na Katiba.

Mpango ule ulidumu kipindi kimoja. Kwa 2015 majimbo yaliongezwa yakawa 54, idadi inayogawika kwa mbili kama ile ya Januari 1961, na CUF ilisema hati za ushindi zilizotolewa majimboni ziligawanyika 27 kwa 27. Matokeo ya urais yalikuwa bado yanasomwa pale Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alipotangaza tarehe 28 Oktoba kuufuta uchaguzi wote. Ulirudiwa Machi 20, 2016. CUF ilisusia. CCM ikachukua majimbo yote, na Rais Shein akatumia nafasi zake za uteuzi kuwaingiza Barazani viongozi wa vyama vidogo ili sura ya umoja ibaki. Miongoni mwao alikuwa Hamad Rashid Mohamed wa ADC, aliyekuwa zamani kigogo wa CUF, akapewa Wizara ya Kilimo.